Waraka kwa Wapenzi wa Black Sabbath wa Washwood Heath

Kaka zangu na dada zangu, wapenzi wenzangu wa Black Sabbath hapa Washwood Heath, nanyi mnaotujia kutoka Saltley, Alum Rock, Ward End na Nechells: nawaandikia nikiwa na huzuni, na huzuni yangu si ya msiba peke yake. Tulipompoteza Ozzy Osbourne, mwimbaji wa kwanza wa bendi, tarehe 22 Julai 2025, nilitarajia kwamba kifo kingetukusanya, maana ndiyo ada yetu sisi watu wa Mashariki ya Afrika: kwenye msiba hata waliokuwa hawasemezani hukaa mkeka mmoja. Kwetu imekuwa kinyume. Tangu wakati ule kila tunapokutana, hata chai haijamiminwa, maneno yameshazuka. Nani shabiki wa kweli na nani wa kudandia. Albamu ipi ni Sabbath na ipi si Sabbath. Nani aliijua bendi zamani na nani kaijua juzi, baada ya kuona watu wanalia mitaani. Naomba mnisikilize kwa utulivu, kama ambavyo mimi nimewasikiliza ninyi.

Mnajua yaliyotokea katika kikao chetu cha karibuni. Alikuja dada mmoja mgeni, amehamia mjini hapa kutoka Nairobi. Tulipomkaribisha aseme neno, akasimama kwa adabu, akasema kwamba albamu iliyomfungulia mlango wa bendi hii ni Heaven and Hell. Hakumaliza. Alikatwa kauli na watu wawili kwa mpigo, akaambiwa ile si Sabbath, Sabbath iliisha alipoondoka Ozzy, na kwamba mtu akija hapa aje amejifunza. Akakaa kimya, akanywa chai yake nusu, akachukua koti akaondoka. Ndugu zangu, tangu lini mgeni akatoka kwetu na chai nusu? Sisi ambao wahenga wetu walisema mgeni njoo mwenyeji apone, tumemfukuza mgeni kwa sababu ya mwaka ulioandikwa nyuma ya santuri. Nimekwisha kuwaomba akina mama wawili wa kikao wamtembelee, na waliomkatiza nao nimewaomba waende wenyewe bila kusukumwa. Lakini jambo hili ni kubwa kuliko siku ile moja, ndiyo maana nimeona niliandike.

Tunaitaja sana miaka ya mwanzo. Tunaishika kama rungu. Basi na tuitazame vizuri, tuone kama inatupa haki ya kumdharau mtu. Mwaka 1968, kule Aston, ambako kati yetu na wao ni Saltley na Nechells tu, vijana wanne wa mitaa ya watu wa viwandani waliunganisha mabaki ya bendi mbili zilizokuwa zimevunjika. Tony Iommi na Bill Ward walitoka bendi iliyoitwa Mythology. Geezer Butler na Ozzy walitoka Rare Breed. Walijiita Polka Tulk Blues Band, kisha Earth, na mwaka 1969, walipokuta kuna Earth nyingine, wakachukua jina la filamu ya kutisha ya Boris Karloff, ndilo hili tunalolijua. Hakuna mtu aliyewaheshimu. Ozzy alikuwa amefanya kazi machinjioni, akafanya kazi ya kupima sauti za honi za magari katika kiwanda cha Lucas alikokuwa mama yake, na alikuwa amekaa gereza la Winson Green kwa majuma kadhaa kwa kosa la wizi. Butler alikuwa akisomea uhasibu. Kama mlango wa muziki ungekuwa na mabawabu wa namna tuliyojifanya sisi, wenye kuuliza umetoka wapi na umeanza lini, hakuna hata mmoja wa hawa wanne ambaye angepita.

Na kuhusu Iommi, naomba nikae hapa kidogo, kwa sababu kisa chake tunakisimulia mno kwa vijana huku tumesahau kilichomo ndani yake. Alikuwa na miaka 17, mchomeleaji katika kiwanda cha mabati, na siku ile ilikuwa siku yake ya mwisho kazini, kwa kuwa alikuwa amepata safari ya kwenda kupiga muziki. Mchana alirudi nyumbani kula, akasema harudi tena. Mama yake akamwambia arudi akamalize kazi yake kama inavyopasa. Akarudi. Mtu wa mashine ya kushindilia mabati hakuwa amekuja, wakamweka yeye. Mashine ikashuka juu ya mkono wake wa kulia, na alipouvuta, ncha za vidole viwili, cha kati na cha pete, zilibaki kule. Yeye hupiga gitaa kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo vidole vile ndivyo vya kubana nyuzi. Madaktari walimwambia asahau gitaa. Aliyemwinua alikuwa msimamizi wake wa kiwandani, ambaye alimletea santuri ya Django Reinhardt, yule mpiga gitaa ambaye vidole vyake viwili viliharibiwa na moto mwaka 1928 naye akaendelea kupiga kwa viwili vilivyosalia. Iommi akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya vyombo, akaifinyanga, akaitoboa kwa moto mpaka ikamwenea kidoleni, akaisugua kwa msasa, akabandika juu yake kipande cha ngozi alichokikata kwenye koti lake kuukuu ili kishike waya. Akajitengenezea subana mbili. Nyuzi za kawaida zilikuwa ngumu kwake, akatumia nyembamba. Na katika Master of Reality, mwaka 1971, akazilegeza chini kuliko kawaida ili vidole vipate nafuu, na mlio ule mzito ambao leo vijana wa São Paulo, Oslo na Nairobi wanaufuata, ukapata uzito zaidi kwa ajili hiyo.

Tazameni sasa, ndugu zangu. Pale mwanzoni kabisa pa hadithi tunayojivunia hakuna mtu aliyepima wengine. Pana mzee wa kiwandani aliyemletea kijana aliyevunjika moyo santuri, akaketi, akamwambia sikiliza. Hilo ndilo tendo lililoutoa muziki huu kwenye kiwanda ukaja mpaka kwetu. Wangapi kati yetu tumefanya kazi za zamu usiku katika maghala ya mji huu, tumesafisha hospitali, tumewalea wazee wa watu, tumerudi nyumbani alfajiri vidole vimekufa ganzi? Wangapi tulipewa albamu ya kwanza na mwenzetu wa zamu ambaye hata jina lake la ukoo hatukulijua? Tuliuanzisha umoja huu ili tuwe wasimamizi wa namna ile. Leo tumekuwa mahakimu.

Niseme pia juu ya ukweli, maana nao umejeruhiwa. Katika kugombea nani anajua zaidi, wamo miongoni mwetu ambao wameanza kutunga. Nimesikia kwa masikio yangu vijana wakielezwa kwamba bendi hii ni mtoto wa Washwood Heath, kwamba wanne wale walizaliwa nyuma ya karakana zetu za mabehewa za Metro-Cammell. Hapana. Ozzy, Butler na Ward walikulia Aston. Iommi alizaliwa Handsworth. Washwood Heath ina heshima yake yenyewe, haihitaji ya kuazima. Hapa yalijengwa mabehewa ya treni kwa vizazi kadhaa. Hapa Drews Lane zilitengenezwa vani mpaka LDV ilipofilisika mwaka 2009 na mamia ya nyumba zikabaki bila mshahara. Hapo jirani, Saltley, tarehe 10 Februari 1972, maelfu ya wafanyakazi wa viwanda vya Birmingham waliacha mashine zao wakaandamana kuwaunga mkono wachimba makaa, mpaka lango la bohari ya makaa likafungwa. Huo ndio udongo uleule uliowaotesha wale vijana. Mtoto wetu akifahamu hayo, atausikia muziki wa Sabbath vizuri zaidi kuliko akilishwa uongo mtamu.

Na wale wenye kuwatisha vijana kwa hadithi za ushetani, au wenye kuzikuza ili waonekane wanajua siri, nawaomba wawe na hofu ya Mungu. Tunaishi mtaa wenye misikiti na makanisa, na wengi wetu tunasali. Majirani zetu wakituuliza, tuwajibu kwa haki. Msalaba uliopinduliwa ndani ya jalada la albamu ya kwanza uliwekwa na kampuni ya kurekodi bila bendi kushauriwa. Misalaba waliyoivaa shingoni ilitengenezwa na baba yake Ozzy, fundi wa kiwandani, kama kinga. Butler, mtunzi wa maneno mengi ya miaka ile, alilelewa katika nyumba ya Kikatoliki, na katika After Forever anamtetea Mungu waziwazi. Wimbo unaobeba jina la bendi ni wimbo wa mtu aliyeingiwa na hofu mbele ya uovu. Hayo yamo kwenye albamu zenyewe, kwa yeyote atakayesikiliza kabla ya kusimulia.

Sasa nije kwenye donda lenyewe, yaani waimbaji. Mwaka 1979 Ozzy aliondolewa kwenye bendi. Lilikuwa jambo la uchungu. Bill Ward, rafiki yake wa karibu, ndiye aliyetumwa kumwambia. Mwaka huohuo akaja Ronnie James Dio, Mmarekani, na bendi iliyokuwa imechoka ikasimama tena kwa Heaven and Hell mwaka 1980, kisha Mob Rules mwaka 1981. Wakafuata Ian Gillan, Glenn Hughes, na halafu Tony Martin, kijana wa papa hapa Birmingham, aliyeimba katika albamu tano kati ya mwaka 1987 na 1995. Mnajua kwamba albamu nyingi za Martin zilikaa miaka hazipatikani madukani, mpaka mwaka 2024 Iommi alipozitoa upya nne kati ya hizo na hata akaichanganya sauti upya Forbidden, ile ambayo wengi waliikebehi. Mwenye bendi hakuwaonea haya watoto wake. Sisi ni nani tuwakane?

Na hili linanishangaza zaidi kwa kuwa sisi, kuliko mashabiki wa taifa lolote, tulipaswa kulielewa. Tumelelewa na dansi. Tunajua maana ya mwanamuziki kuhama bendi. Muhidin Maalim Gurumo alikuwa nguzo ya NUTA Jazz, ndiyo Msondo, tangu mwaka 1964. Mwaka 1978 akaondoka na wenzake kwenda kuijenga Mlimani Park, ndiyo Sikinde, baadaye akaenda Orchestra Safari Sound, kisha akarudi nyumbani Msondo. Hassan Rehani Bitchuka naye alikwenda na kurudi kati ya Msondo na Sikinde. Je, baba zetu walisema Msondo imekufa siku Gurumo alipovuka barabara? Walilalamika, ndiyo, wakanuna wiki mbili, halafu Jumamosi wakaenda kusikiliza sauti mpya ilikuwa inasema nini. Walitaniana, Sikinde na Msondo, kwa utani uliokuwa na heshima ndani yake, na usiku wa shindano walikaa ukumbi mmoja. Sikumbuki kusikia mzee akimwambia kijana kwamba hana haki ya kupenda Sikinde kwa sababu hakuwapo enzi za NUTA. Tumeuacha wapi ustaarabu ule tulipovuka bahari?

Mimi mwenyewe ni mtu wa albamu sita za kwanza, kuanzia ile ya Februari 1970 iliyorekodiwa London kwa siku moja tu, mpaka Sabotage ya mwaka 1975. Sifichi. Naamini hakuna bendi iliyopata miaka mitano kama ile. Paranoid, wimbo uliotungwa haraka mwishoni ili kujaza albamu, umezunguka dunia nzima, Vol. 4 bado inanitoa machozi. Lakini mapenzi yangu kwa hizo sita hayapungui mwenzangu akiipenda Headless Cross ya Martin. Ndugu mmoja wa kikao chetu, ambaye aliijua metali kwanza kwa Duma, wale vijana wawili wa Nairobi waliotoa albamu yao mwaka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala, alirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka akafika Aston. Amefika kwa mlango wa uani. Nyumba ni ileile, na aliyeingia kwa uani si mwizi.

Kuna pia wale waliogawanyika juu ya Bill Ward, nami nasikitika kwa maneno niliyoyasikia. Mwaka 2012 Ward hakukubaliana na mkataba, na albamu ya 13, mwaka 2013, ikapigwa bila yeye. Baadhi yetu wamemgeuza Ward shujaa ili wapate kumtukana Iommi, na wengine wamemwita Ward mvivu na mgonjwa, maneno ambayo sitayarudia hapa. Hatukuwa kwenye meza ile ya mkataba. Tuliloliona kwa macho ni la tarehe 5 Julai 2025, Villa Park, ambapo wanne wote walipanda jukwaani pamoja kwa mara ya kwanza baada ya miaka 20, hatua chache kutoka mitaa waliyokulia. Ozzy alikaa kwenye kiti chake kwa kuwa ugonjwa wa Parkinson haukumruhusu kusimama. Ward alikuwa kwenye dramu, kifua wazi kama zamani. Walipiga nyimbo nne tu. Kama kulikuwa na deni kati yao, wao wenyewe walilibeba mpaka pale, na fedha za siku ile zilipangiwa utafiti wa Parkinson, Hospitali ya Watoto ya Birmingham na hospisi ya watoto ya Acorns. Wenye ugomvi wamepatana mbele ya dunia nzima. Sisi watazamaji bado tumeshika mapanga.

La fedha nitalisema kwa ufupi, kwa sababu wahusika wanajijua. Tiketi za siku ile zilikuwa ghali na wengi wetu hatukuziweza. Mtu aliyejaliwa kupata za ziada, halafu akamuuzia ndugu wa umoja huu kwa bei ya kulangua, amekula jasho la mwenzake wa zamu. Wenye kutaka kurejesha ziada hiyo watanipata, na nitaipeleka kwa aliyelipa pasipo kutaja jina.

Wengi wenu mlisimama Broad Street tarehe 30 Julai, gari la maiti ya Ozzy lilipopita taratibu na bendi ya matarumbeta mbele, likasimama kwenye daraja lenye jina la Black Sabbath, penye lile benchi la sura zao. Nilikuwa pale. Niliona mabibi wa Kiingereza wenye mikongojo, vijana wa Kipakistani wa Alum Rock, watoto mabegani kwa baba zao, na nikaona baadhi yenu. Mtu aliyekuwa na maua mawili alimpa moja aliyekuwa mikono mitupu. Umati ule ulilia pamoja kama watu waliozoeana, ingawa wengi wao hawakuwa wamewahi kuonana. Naamini hata ninyi mnaogombana leo mlisimama bega kwa bega siku ile bila kujua.

Basi haya ndiyo ninayoyaomba, na nayaomba kwa upole nikijua mna moyo wa kuyatekeleza. Katika kikao kijacho hatutakuwa na mjadala. Tutasikiliza Heaven and Hell yote, upande wa kwanza na wa pili, santuri, si simu, na hakuna atakayesema mpaka sindano iinuliwe. Kikao kitakachofuata ni Tyr ya Martin, kisha tutarudi Master of Reality. Baada ya kila albamu atakayeanza kusema ni mgeni, au aliyejiunga mwisho, na wazee tutasema baadaye. Mwenye kusimulia jambo la miaka ya mwanzo aseme alilipata wapi. Mwenye albamu za akina Martin na Gillan azilete, hata kama ziko kwenye kanda. Ndugu zetu wa Ward End wamejitolea vitumbua, na upande wa Saltley watahangaika na chai. Naomba safari hii iwe ya kutosha, kwa maana nimewaandikia pia wale waliokuwa wameacha kuja, na baadhi yao wamenijibu kwamba watafika na watoto.

Ndimi ndugu yenu,
Mwenyekiti
Washwood Heath, Birmingham